Salamu Zilizokula Betri

Nyinyi wajukuu mnaotembea na simu mfukoni, mnaopiga na mkikosa jibu mnanuna kama mtu aliyenyimwa nyama, kaeni kidogo. Nataka kuwaeleza kazi niliyoifanya Bukavu wakati nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Kazi hiyo leo hamwezi kuiona popote. Nilikuwa natumika kwenye phonie. Jina langu ni Sifa, lakini watu wa mtaa wetu wa Kadutu waliniita Maman Kata, na sikuwa nauza nyama.

Phonie ilikuwa redio ya kuitana. Sanduku la chuma juu ya meza, mikro yenye kitufe ubavuni, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu wa antena uliotoka dirishani ukapanda juu ya paa la jirani. Posta ilikuwa imekufa. Simu za waya zilikuwa zimekufa kabla ya posta. Barabara ya Shabunda ilikuwa imerudi kuwa pori. Basi mtu akitaka kujua kama mafuta yake ya mawese yamepakiwa, au kama mkewe amejifungua, alikuja kwenye chumba chetu nyuma ya soko, akaketi kwenye benchi na wenzake, akangoja nimwite. Chumba na sanduku vilikuwa vya tajiri mmoja wa soko. Mimi nilikuwa na kiti tu, na sauti.

Jambo la kwanza mjue: kwenye phonie hakuna siri. Benchi zima linasikia, na kila kituo kilichofungua redio kule Mwenga, Shabunda au Uvira kinasikia pia. Nimewaona wanaume wakiposa mbele ya watu ishirini wasiowajua, na msichana akijibu kwa aibu kutoka Kamituga, na benchi langu likipiga makofi kabla ya baba yake kukubali. Mama mmoja alivaa kitenge kipya na kujipaka mafuta usoni ili aongee na mume wake. Mwingine, kila alipoulizwa jambo, alitikisa kichwa kukubali, akanyamaza, akashangaa mbona mume anakasirika. Nilimwambia, "Maman, kichwa haipite mu waya!" Akatikisa tena kuonyesha amenielewa.

Jambo la pili: wanaongea kwa zamu. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, ndipo mwenzako asikike. Ukiwa umebonyeza, yule wa upande wa pili hawezi kukukatiza, hata nyumba iwe inaungua. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililonitoa jasho baadaye.

Aliyenifundisha alikuwa Papa Lutula, Mrega mwenzangu, mzee mwembamba mwenye hasira za karibu, aliyejifunza redio kwa wamisionari. Aliniketisha pembeni yake miezi mizima kabla ya kuniachia mikro. "Bonyeza, pumua, njo useme," alikuwa akiniambia, yaani ndipo useme. Anayesema kabla ya kupumua anakata neno lake la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la mtu. Alinifundisha kuchomoa antena mvua ya radi ikianza kunguruma juu ya ziwa, na kutopiga kelele, kwa sababu kelele hazifiki mbali kuliko sauti ya kawaida, zinafika zimeharibika tu. Alinifundisha kwamba asubuhi hewa ni safi kwa vituo vya karibu, na mchana kuna mvumo kama wa nyuki.

Kosa langu kubwa la mwanzo alilifurahia mpaka kufa kwake. Siku moja niliweka kiwiko juu ya mikro nikiwa sijui, nikaanza kumweleza dada mmoja wa benchi jinsi tajiri wetu alivyo mgumu, jinsi anavyochelewesha mshahara, jinsi tumbo lake linavyoingia ndani ya chumba kabla yake. Nilipoinua kiwiko, ikaja sauti nzito kutoka Uvira: "Maman wa Bukavu, tulisikia yote. Pole na mushahara." Kisha Shabunda nayo ikasema pole. Kisha Sange. Papa Lutula alicheka akatoka nje kushika ukuta.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la betri. "Kusikia inakula kidogo," alisema. "Kusema njo inakula. Na salamu njo panya ya betri." Umeme wa mto Ruzizi ulikuwa ukikatika ovyo, na betri ikiisha tulingoja urudi ndipo tuichaji. Sasa mnajua watu wetu wanavyosalimiana. Umelala je, nyumba imelala je, mzee yuko, mgongo wake, watoto, yule mwenye kikohozi, mashamba, mbuzi, jirani wa juu, jirani wa chini. Hapo bado neno lililomleta mtu halijatajwa. Kwa hiyo nilikata. Mtu akifika kwa mbuzi, nilinyoosha mkono, nikachukua mikro, nikasema, "Kwa ufupi, papa, unataka nini?" Papa Cirhuza, dereva wa taksi wa mtaa wetu, nilimkata akiwa ndiyo kwanza anaingia kwenye habari za nyanya yake. Hakunisalimia miezi mingi. Akipita mbele ya mlango wetu alifunga kioo cha Peugeot yake. Mimi nilicheka. Nilikuwa na kazi ya kufanya.

Halafu vita vikaja, na kabla hatujavisikia kwa masikio yetu tuliviona katika kazi.

Kwanza vilikuwa vita vya jirani, ng'ambo ya Ruzizi. Watu wakavuka daraja, wengi hata njia zikajaa, wakalala kwenye viwanja vya shule, kando ya makanisa, chini ya plastiki. Miti ya mjini ikaisha kwa kuni. Makaa yakapanda bei, maharage yakapanda bei, kipindupindu kikaingia. Wanafunzi walirudishwa nyumbani kwa sababu madarasa yalikuwa na watu waliolala humo. Chumba changu kikajaa wageni ambao hawakuuliza tena mafuta ya mawese. Wote waliuliza neno moja: yuko? Mtu anaketi tangu asubuhi, zamu yake inafika, anataja jina la kaka yake na mahali alipomwona mara ya mwisho, naita, hakuna anayemjua, anasema asante, anarudi mwisho wa benchi kungoja tena. Hapo niliacha kumkata mtu. Hawakuwa na salamu za kukata.

Mimi nilikuwa mjane, na nilikuwa na mtoto mmoja tu, Riziki, ambaye alikuwa ameanza kujifunza kusoma. Kipindupindu kilipoingia mtaa wetu nilimpeleka Mwenga kwa mama yangu. Nilifikiri ni kwa majuma machache, akakaa karibu miaka miwili. Nilimsikia kwenye redio kila Jumamosi, sauti yake nyembamba ikitanguliwa na ya bibi yake, na kila Jumamosi bibi yake alimaliza muda wote. Jumamosi nyingine nilipata maneno matatu tu ya mtoto wangu. Basi shule za Bukavu zilipoanza kupumua, nikasema arudi. Jirani yangu Maman Faida, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, alikuwa na mume dereva wa lori, Papa Byamungu, aliyepanda na kushuka barabara ya Mwenga kupitia Walungu. Tukapatana: lori likishuka, Riziki akae mbele, karibu na dereva. Nilimshonea sare. Nikanunua na viatu, vikubwa kidogo ili vimkae mwaka.

Ni katika majuma hayo vita vya pili vilipoanza, na safari hii vilikuwa vyetu, vikitoka upande wa tambarare.

Nyinyi mnasikia vita kwa milio ya bunduki. Mimi nilivisikia kwa kimya. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuita vituo vyote, kimoja baada ya kingine, kama mwalimu anavyoita majina darasani. Asubuhi moja Uvira haikuitika. Nikafikiri ni umeme wao. Kesho yake mtu wa Sange, ambaye sikuwahi kumwona sura yake lakini nilimjua kwa kikohozi chake, aliniambia: "Maman Kata, huku batu banapita na magodoro ku kichwa. Na siye tunafunga." Nikamuuliza wanaenda wapi. Akakohoa, akafunga. Siku iliyofuata nilipoita Sange, nilisikia mvumo mtupu. Kisha kituo cha Kamanyola kikanyamaza. Kisha Nyangezi, ambayo ni hapa tu, kijana wetu wa pale alisema "Ngojeni kidogo," na hatukumsikia tena. Mzee mmoja wa benchi akaanza kusema rozari, wengine wakaitikia, mimi mkono wangu ukiwa bado kwenye kitufe.

Akaja pia mkubwa mmoja wa usalama, akasimama mlangoni na miwani yake myeusi, akasema phonie yoyote itakayotaja askari au bunduki itafungwa, na mwenye sauti atafungwa nayo. Wanajeshi wenyewe walikuwa wakipakia mali za watu kwenye magari na kuondoka mjini, lakini sisi ndio tulioitwa wapelelezi. Niliogopa, siwafichi. Nililala na hofu, nikaamka nayo, nikaipika na foufou.

Asubuhi ninayotaka kuwaambia, umeme ulikuwa umekatika na haukurudi. Mizinga ilisikika upande wa Nyangezi. Nilikwenda kazini kwa sababu moja tu: siku hiyo ndiyo lori la Papa Byamungu lingeshuka, na mama yangu alikuwa na miadi nami kwenye phonie ya Mwenga kabla lori halijaondoka. Kule walikuwa wamesikia uvumi, lakini njia ya Walungu ilikuwa bado imetulia, na Byamungu alikuwa na haraka ya kufika kwa mke wake. Nilipaswa kusema maneno machache: gari lisishuke, mtoto abaki. Maman Faida alikuwa amefika kabla yangu. Aliketi mwanzo wa benchi, beseni tupu la sambaza magotini.

"Umuambie bwana yangu abakie kule," akasema. "Hata kama ni mwezi muzima. Mimi nitajua namna ya kula."

"Nitamuambia," nikasema.

Nikawasha. Mshale wa betri ulipanda nusu ukakaa. Nikaita Mwenga, nikitegemea kumsikia Mwati, kijana wa kituo kile, ambaye ningempa neno lote kwa pumzi moja. Lakini sauti iliyokuja ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa amekwisha kumnyang'anya mikro.

"Sifa! Ni mimi mama yako. Uliamuka?"

Mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Kijana, wewe hukulelewa na mama yangu. Kinywa changu kilijibu chenyewe, kama kilivyozoezwa tangu utoto: "Niliamuka, mama. Na wewe uliamuka?" Nikaachia kitufe. Mshale ukashuka kidogo.

Akaanza. Ameamka, ila goti. Mvua imeharibu karanga. Shangazi yangu amepata jino bovu. Alikuwa amebonyeza, na nimekwisha kuwaambia kwamba aliyebonyeza hakatwi. Nilikuwa nikisema "Mama, mama," kwa sanduku lisilosikia, na Maman Faida amenishika bega.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Pole na goti, mama. Kuko neno moja ya haraka, uniruhusu niseme." Nikaachia ili aniruhusu. Ndivyo tulivyolelewa, mtoto anaomba njia kwa mkubwa wake kabla ya kupita.

Mama yangu hakuniruhusu. "Neno ya haraka itakukuta tu palepale. Kwanza baba yako mukubwa iko namna gani? Na bale majirani balikuzikia bwana yako? Sikusikia habari yabo tangu mwezi jana. Mimi ni mama yako, siko askari unipe rapport!"

Benchi, pamoja na hofu yote ile, likacheka. Hata mimi kicheko kilinitoka, kibaya, kama kikohozi. Nikabonyeza, nikapumua, nikasema mbio kama mtu anayekimbia mvua: "Baba mukubwa muzima, majirani bazima, mama, sikia sasa, mutoto..."

Mshale ukaanguka. Taa ndogo ya sanduku ikawa nyekundu, ikazima. Nilibonyeza tena na tena. Sanduku lilikuwa chuma tu.

Maman Faida aliniuliza, "Umesema?" Nikamwambia sikusema. Aliweka beseni chini polepole, akasimama, akaketi tena.

Nilitoka kutafuta betri. Sijui kama mnaweza kufikiria Kadutu siku ile. Milango ya maduka imefungwa, wanawake wana mabunda kichwani lakini hawajui waelekee wapi, wengine wanapanda, wengine wanashuka, wanapishana na kuulizana. Kila gari lililokuwa na betri nzima lilikuwa limeondoka au limechukuliwa na wanajeshi. Fundi mmoja alinionyesha karakana yake tupu, hata meza walibeba. Nilibisha kwa watu niliowajua na nisiowajua. Nilikuwa nikiona lile lori likipanda vilima vya Walungu, na Riziki mbele, miguu yake haifiki chini.

Ndipo nikaiona Peugeot ya Papa Cirhuza. Alikuwa ameiingiza nyuma ya nyumba, akaifunika majani ya ndizi na kuondoa magurudumu ili isiibwe. Nilisimama mbele ya mwenyewe nikashindwa nianzie wapi.

"Maman Kata," akasema, "leo hausalimie hata kidogo?"

"Papa Cirhuza, mwamuka. Nyumba yako iko? Bibi yako? Nyanya yako..."

"Nyanya alikufa," akasema, na akawa ameshafungua boneti. "Sema tu kwa ufupi, maman. Unataka nini?"

Aliibeba mwenyewe betri ile, akakataa nimsaidie, na tulipita vichochoroni kwa sababu kwenye barabara kubwa askari walikuwa wakinyang'anya hata viatu. Njiani hakuzungumza nami isipokuwa kuniambia nisimame au nipite.

Hapa nitaruka mbele kidogo, ili mwisho nirudi chumbani mle na kubaki mle. Mji ulianguka. Chumba cha phonie kilivunjwa, sanduku likabebwa na watu ambao hawakujua hata kuliwasha. Nilikimbia na wengine vilimani, nikala mihogo mibichi, nikarudi, nikakuta nyumba yangu haina mlango. Miezi ikapita kabla sijaweza kwenda Mwenga, na nilikwenda sehemu kubwa kwa miguu. Wakati huo nchi ilikuwa inabadilishwa jina. Nikapata kazi nyingine, kisha simu zikaja, nanyi mkazaliwa. Lori la Papa Byamungu lilikamatwa mbele ya Walungu na askari waliokuwa wanakimbia. Baadhi ya abiria walirudi kupitia msituni, wakiwa wamevimba miguu. Waliniambia kwamba dereva alilazimishwa kuendelea kuendesha. Zaidi ya hapo hawakujua. Hakuna aliyeleta habari ya dereva huyo mpaka leo, na nimewauliza watu wengi.

Haya. Chumbani.

Jua lilikuwa limepita utosi tulipounganisha betri ya Cirhuza. Mvumo ulikuwa mkali. Benchi lilikuwa limepungua, waliobaki walisimama nyuma yangu. Niliita Mwenga. Safari hii akajibu Mwati.

"Bukavu, mulikuwa wapi? Mama yako amekataa kutoka hapa."

Sikusalimia. "Mwati, gari iko wapi?"

"Gari ilienda. Mulipoacha tu kusema, ilienda."

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Maman Faida anasema nilipiga. Nakumbuka kwamba niliitazama kuta za chumba, na kwamba sauti ya mama yangu ilikuja juu ya ule mvumo, imetulia kabisa.

"Sifa, ulikuwa unanijibu juu ya majirani..."

Alipoachia, nilimkata. Mama yangu mzazi, mara ya kwanza maishani mwangu, nilimkata kama nilivyowakata watu wote wa Kadutu. "Mama! Mutoto iko wapi?"

Mama yangu akabonyeza: "Mutoto iko hapa. Iko nakula. Unazani mimi ni mupumbafu? Nitatoa mutoto mu nyumba, na benye kumupokea habajasema bado 'tuko namungoja'? Tangu lini? Salamu haikuisha. Byamungu alipiga honi, alipiga honi, mimi nikamushusha mutoto. Nikamuambia Byamungu, wewe enda, sisi tutangoja Sifa amalize."

Wajukuu zangu, furaha ni kitu kibaya inapokukuta mbele za watu wengine. Ilinipanda kutoka tumboni, nikaona nitaruka, nitaimba, nitamkumbatia Cirhuza na majani yake ya ndizi. Riziki alikuwa anakula! Na bega langu lilikuwa linaguswa na bega la Maman Faida, na bega lile lilikuwa limekauka kama mbao. Nilichukua pembe ya kitenge changu nikaiweka mdomoni, nikauma. Sikuwa na pa kutazama. Nikimtazama, ataiona furaha yangu. Nisipomtazama, ataijua.

Maneno manne tu yangepita asubuhi, lori lingebaki, na mumewe angebaki. Alijua hivyo, nami nilijua kwamba anajua. Nilingoja aniambie.

Alinyoosha mkono, akaomba mikro. Nikampa. Hakuwahi kuishika kabla ya siku ile, mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea kila mara. Akabonyeza, akapumua, kama alivyoniona nikifanya.

"Mama wa Sifa," akasema, "ni mimi bibi ya Byamungu. Mwamuka, mama. Goti iko namna gani?"

Akaachia. Mama yangu hakuzungumza juu ya goti. Akasema tu: "Uulize, mwana wangu."

"Asubuhi alivaa nini?"

Nilielewa kwa nini anauliza, maana maiti ya njiani hutambuliwa kwa nguo, na kila mtu chumbani alielewa. Papa Cirhuza aligeukia ukuta.

"Alivaa koti ya kijani," mama yangu akasema. "Na kofia. Hakukunywa hata chai, alisema iko nachelewa kwako. Nilikuwa nilipikia Riziki chakula ya njia, kuku na ndizi, nilifunga mu majani. Nikamupa yeye yote."

Maman Faida alikaa na mikro mkononi. Nilidhani amesahau kubonyeza. Kisha akanirudishia, akainama akachukua beseni lake.

"Basi alikula," akaniambia.